Joto la nyumbani: tuliyojifunza Makorora na milimani



Mtu akisikia kwamba toleo hili lina makala juu ya baridi, na kwamba makala yenyewe yanaanzia Makorora, jijini Tanga, huenda akacheka. Tanga ni pwani. Watu wa Tanga hulalamikia joto, hasa miezi ya kaskazi, pale mabati yanapowaka na usingizi kugoma. Tunaomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu somo hili tulilipatia Makorora kabla ya kulipeleka Lushoto na Mlalo.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa saba, tulifika katika nyumba moja ya Makorora kumjulia hali mama aliyejifungua. Mtoto alikuwa na siku sita, tena alizaliwa mdogo. Tulipofunguliwa mlango wa chumba tulikuta dirisha limezibwa kwa matambara na kipande cha boksi, na chini ya kitanda jiko la mkaa linawaka taratibu. Mama alikuwa amelala, akilalamika kichwa kinamgonga tangu alfajiri, kichefuchefu, na miguu haina nguvu. Familia ilikuwa inajiandaa kumpeleka kupima malaria.

Tulimwamkia bibi mwenye nyumba, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni, ila fungeni mlango. Mtoto mdogo huyu, na upepo wa kusi hauna huruma."

Baada ya muda mfupi mmoja wetu naye akaanza kuona kizunguzungu. Hapo ndipo tulipoelewa. Tulimwomba bibi kwa heshima tumtoe mzazi na mtoto barazani, tukafungua mlango na dirisha, na jiko likapelekwa uani. Kisha wote wawili wakapelekwa hospitali. Tunamshukuru Mungu kwamba walipona. Kama jiko lile lingekaa mpaka usiku, mlango umefungwa na watu wamelala, pengine tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Bibi yule hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa sahihi kwamba mtoto anahitaji joto. Alichokosea ni njia tu. Kwa hiyo makala haya hayatasema "acheni" peke yake. Yataeleza joto hupotea vipi, na namna ya kulitunza katika nyumba zetu ambazo hazina mitambo ya kupasha joto.

JE, MAKORORA KUNA BARIDI?

Wenzetu wa Ulaya wanaotutembelea wamezoea nyumba zenye tanuru moja linalochemsha maji, na maji hayo kupita katika mabomba hadi kila chumba. Nyumba zetu hazina mfumo huo, na kwa pwani hauhitajiki. Hata hivyo, kutohitaji tanuru si sawa na kutohitaji joto.

Katika kipupwe, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, usiku wa Tanga hushuka hadi nyuzi joto 20 au 21 hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo ni raha. Lakini mtoto mchanga ni kiumbe kingine. Mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, na hawezi kutetemeka kama sisi ili kujipatia joto. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaelekeza kwamba chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi joto 25, na kwamba mwili wa mtoto mchanga ubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chumba cha Makorora usiku wa mwezi wa saba, chenye upepo wa kusi unaopenya dirishani, kiko chini ya kiwango hicho. Bibi alijua jambo hili bila kipimajoto.

Wapo pia wazee na wagonjwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa nyumba bora, likapendekeza kwamba majira ya baridi joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18, na kwa wazee, watoto na wenye magonjwa sugu liwe juu zaidi ya hapo. Makorora ni mara chache kufikia hali hiyo. Milimani kwetu ni jambo la kila usiku wa kipupwe.

Hapo ndipo dayosisi yetu ilivyo ya pekee. Eneo moja la kazi linaanzia ufukweni na kupanda hadi vilele vya Usambara vinavyozidi mita 2,200. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kila upandapo mita 1,000. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo usiku ambao Tanga ni nyuzi 21, Lushoto huwa karibu na 12, na vijiji vya juu yake hushuka chini ya 10. Familia nyingi za Makorora zina ndugu huko. Basi linalotoka Tanga asubuhi, likapita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, kisha likapanda kona za Soni, humfikisha mtu kwenye baridi hiyo siku hiyo hiyo. Wapo wanafunzi wa pwani wanaokwenda shule za bweni Lushoto na shuka moja sandukuni.

JOTO HUTOROKA WAPI?

Kabla ya kutafuta moto, tujue kwanza kwamba kila mtu ni jiko. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto sawa na balbu ya wati 75 hadi 100. Watu wanne waliolala chumba kimoja ni kama wati 300 zinazowaka usiku kucha bila mkaa wala umeme. Swali letu, basi, ni kwa nini joto hilo halibaki. Hutoroka kwa njia nne.

(i) Kwa upepo. Hewa ya vuguvugu iliyouzunguka mwili huondolewa na upepo, na hewa baridi huchukua nafasi yake. Nyumba zetu nyingi zina mwanya kati ya ukuta na paa, matofali ya matundu, na madirisha ya nondo na wavu yasiyo na mbao wala kioo.

(ii) Kwa kugusana. Ukilalia kitu baridi, joto huingia humo. Sakafu ya saruji hunyonya joto usiku mzima.

(iii) Kwa unyevu. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa. Nguo yenye unyevu, nepi mbichi na nywele zilizooshwa jioni humpoza mtu kuliko anavyodhani.

(iv) Kwa kuangaza. Kila kitu chenye joto hulirusha kuelekea kilicho baridi, hata bila kugusana. Bati ni jembamba. Usiku wa anga safi hulirushia anga joto lake, likawa baridi kuliko hata hewa ya nje. Ndiyo maana alfajiri tunaona matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Ni pumzi zetu wenyewe zilizokutana na chuma baridi.

Kinachozuia joto kutoroka ni hewa kavu iliyotulia. Sweta ya sufu, blanketi, paa la makuti na godoro vyote vinafanya kazi kwa siri hiyo moja, maana vimeshika hewa katikati ya nyuzi zake. Kwa hiyo nguo nyepesi mbili zilizovaliwa pamoja mara nyingi huzidi moja nzito. Kanga zinaingia doti, na doti ikikunjwa ni tabaka kadhaa za hewa.

KWA NINI MKAA UNAUA BILA KELELE

Kuni hutoa moshi, na moshi humfukuza mtu nje kwa macho kuwasha. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi. Watu wengi huona kwamba hauna madhara, na wengine hungoja uwe mwekundu ndipo wauingize ndani. Hilo ndilo kosa kubwa. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki na haiwashi. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka huku imebeba sumu badala ya uhai.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu na usingizi mzito. Tatizo ni kwamba dalili hizo zinafanana na malaria na uchovu wa uzazi. Ishara ya kuwasaidia wajumbe wa kamati ni hii: kama watu zaidi ya mmoja wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikirini jiko kwanza. Watoeni nje mara moja, fungueni milango, kisha wapelekeni hospitali hata kama wanasema wamepona, kwa sababu huenda wakahitaji kupewa oksijeni.

Yapo mambo matatu tunayoyasikia mara kwa mara, na yote si kweli. Kufunika mkaa kwa majivu hakuzuii sumu. Kuweka bakuli la maji chumbani hakuinyonyi. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi kwa watu waliolala. Majiko ya mafuta ya taa na ya gesi nayo yasitumike kupasha chumba cha kulala. Mshumaa au kibatari karibu na chandarua ni hatari ya moto.

Kuni nazo haziko salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani huua karibu watu milioni 3 kila mwaka duniani, na kwamba mtoto mdogo anayeishi ndani ya moshi ana hatari karibu mara mbili ya kupata homa ya mapafu. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaomweka mtoto karibu na moto ili asipate "kichomi". Homa ya mapafu huletwa na vijidudu, na kifua kilichokwisha kuchoshwa na moshi huvishindwa kwa urahisi. Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi wa tano mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini linahusu kupika. Katika nyumba za milimani jiko lile lile linalopika ndilo linaloota watu. Tukiliondoa bila kutoa njia nyingine ya joto, familia italirudisha usiku.

MTOTO MCHANGA: KIFUA NDICHO JIKO

Tulimweleza bibi wa Makorora kwamba jiko bora la mjukuu wake lilikuwa limelala pale pale kitandani, nalo ni mwili wa mama.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na upungufu wa mashine za kutunzia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Aliwaelekeza akina mama wawabebe watoto hao kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mwanawe. Njia hiyo ilienea duniani, na sasa hospitali zetu zinaifundisha kwa jina la huduma ya kangaruu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ukihusisha watoto wadogo zaidi ya 3,000. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki kabla ya siku 28 walikuwa 12 katika kila 100. Wale walioanza na mashine au kitanda cha joto kwanza walikuwa karibu 16 katika kila 100. Tena hao walikuwa ndani ya hospitali zenye vifaa. Baada ya hapo, mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma hiyo ianze mara moja.

Namna yake ni nyepesi. Mtoto huvalishwa nepi kavu, kofia na soksi tu. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Kanga hufungwa kumshikilia, na juu yake mama huvaa gauni au sweta. Mama akichoka, baba au bibi aweza kupokea zamu. Kwa mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, familia ifuate maelekezo ya kliniki na kurudi kupimwa uzito.

Tuongeze mambo manne ambayo wazee wetu wanaweza kuyapokea bila kuvunja mila ya arobaini:

- Mtoto akaushwe vizuri mara tu anapozaliwa, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.
- Kofia isikosekane usiku, maana kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake.
- Tumbo na nyayo zipapaswe kwa mkono. Zikiwa baridi, au mtoto ananyonya kwa ulegevu na kulala kupita kiasi, awekwe kifuani na apelekwe kituo cha afya.
- Chupa ya maji ya moto isiwekwe kando ya mtoto, na blanketi lisimfunike uso.

Kumkanda mzazi kwa maji ya moto kunaweza kuendelea, mradi maji yachemshiwe nje. Bibi alipenda sana neno hilo.

KITANDA KINA PANDE MBILI

Hapa tuna kosa letu la kuungama. Kipindi fulani tuligawa mablanketi kwa wazee wa kijiji kimoja cha milimani. Tulipiga picha, tukaandika ripoti, tukashukuru. Tuliporudi baada ya mwezi tulimkuta mzee mmoja amejifunika blanketi letu na bado anatetemeka. Alikuwa analala juu ya kitanda cha kamba chenye mkeka mmoja. Baridi ilimjia kutoka chini. Tulikuwa tumempa nusu ya kitanda.

Uzito wa mwili hubana kilichoko chini yake na kuifukuza ile hewa iliyotulia. Kwa hiyo tabaka za chini zinahitajika sawa na za juu, pengine na zaidi. Pwani tumejaliwa vitu vya kujazia. Godoro la usumba wa nazi na mito ya sufi vilikuwepo kabla ya sponji. Mahali pasipo na godoro nene, viroba viwili vilivyoshonwa pamoja na kujazwa maganda makavu ya mahindi au nyasi kavu hufaa, mradi vianikwe juani kila wiki ili visiote ukungu wala kualika kunguni. Hata boksi zilizokunjuliwa chini ya mkeka zina msaada mkubwa juu ya sakafu ya saruji.

Mzee asiye na mtoto wa kulala naye kifuani aweza kutumia chupa ya maji. Maji ya moto, si yanayochemka, hutiwa katika chupa imara yenye kizibo kizuri, ikaviringishwa kitambaa na kuwekwa karibu na miguu. Jiwe lililopashwa jikoni na kuviringishwa gunia hufanya kazi hiyo hiyo. Nguo za kulalia ziwe kavu na tofauti na za mchana zilizoshika jasho.

Tuseme jambo moja la tahadhari. Mtu anayetetemeka chini ya mablanketi wakati wengine chumbani hawaoni baridi, huyo haonei baridi, ana homa. Apimwe malaria siku hiyo hiyo.

PAA, DIRISHA NA UKUTA

Nyumba za zamani za nyanda za juu zilijibu swali la joto kwa akili nyingi. Wachaga wa Kilimanjaro walijenga msonge ulioezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, na ng'ombe na mbuzi walilala ndani pamoja na watu, wakichangia joto lao. Gharama yake ilikuwa moshi machoni na kifuani. Mabati yalipokuja yalileta usafi na maji ya mvua, lakini tuliyapokea bila dari. Tukaliondoa blanketi la nyumba.

Hivyo basi, tukiulizwa ni kitu gani kimoja kinachoifaa nyumba ya bati, iwe ya Makorora au ya Mlalo, tunajibu: dari. Hewa iliyokaa kati ya bati na dari hutenganisha watu na lile bati. Usiku hulizuia joto lisipande, na mchana wa kaskazi hulizuia lisishuke. Mfadhili anayelipia dari ya chumba cha mgonjwa Makorora analipia miezi yote 12. Si lazima iwe mbao za dari za dukani. Mikeka iliyosukwa, au viroba safi vilivyoshonwa na kuvutwa kwenye fremu ya mbao, huanza kazi vizuri. Viroba vya plastiki visiwekwe kamwe juu ya chumba chenye moto, kwa kuwa hushika haraka na kudondosha matone yanayowaka.

Dirisha la upande wa kusi lipate mbao au pazia zito, lakini chumba kisizibwe kabisa. Tundu la juu upande wa pili libaki wazi, maana watu wanahitaji kupumua, na unyevu wa pumzi ukikosa njia huwa ukungu ukutani. Chandarua kishushwe kama kawaida. Chandarua hupunguza upepo kidogo, na mbu hawangoji kiangazi.

Ukuta wa udongo au wa mawe ni ghala la joto. Hupokea jua la mchana na kulitoa taratibu usiku. Milimani, dirisha la upande wa jua lifunguliwe asubuhi na kufungwa saa kumi jioni kabla hewa haijapoa. Moto ukiwa hauepukiki, uwe katika jiko lenye dohani inayotoa moshi juu ya paa, kama zilivyo baadhi ya nyumba za kale za wakoloni Lushoto, nao uzimwe kabla ya kulala.

Kuhusu hita ya umeme, tufanye hesabu. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa 8 hutumia uniti 8 kwa usiku mmoja. Familia iliyo katika kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, itamaliza kikomo hicho usiku wa kumi, bila kuwasha taa hata moja. Aidha nyaya za nyumba nyingi hazikuwekwa kwa mzigo huo. Kwa sasa hita si jibu letu.

TUNALOOMBA KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamkemea mtu anayemwombea joto ndugu asiye na nguo kisha akamwacha aende mikono mitupu. Sisi tuliokuwa na mikono iliyojaa mablanketi tulijifunza kwamba hata kutoa kunahitaji kuuliza kwanza. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kabla ya mwezi wa sita kufika:

1. Kila kamati iorodheshe nyumba zenye mtoto chini ya mwezi mmoja, mjamzito wa miezi ya mwisho, mzee anayeishi peke yake, au mgonjwa wa kitandani. Waislamu na Wakristo waandikwe pamoja, kwa sababu baridi haiulizi dini.

2. Wajumbe wawili, mmoja awe mama mtu mzima, wazitembelee jioni. Waangalie mambo matano: jiko linalala wapi, mtu analalia nini, dirisha la upande wa upepo, paa, na nguo kavu za usiku.

3. Msaada utolewe kwa mpango huu: kwanza jiko litoke chumbani, pili kitanda cha chini, tatu blanketi, nne dirisha, tano dari. Tukianza na blanketi tunarudia kosa letu.

4. Fundi wa mtaani apewe kazi ya fremu na mbao, ili fedha ibaki mtaani na ukarabati upatikane.

5. Sharika za pwani zenye sweta na mablanketi ya mitumba yasiyotumika ziyakusanye, ziyafue, na ziyapeleke milimani kwa ndugu wanaosafiri. Mzazi anayepeleka mtoto bweni Lushoto amwongezee sweta, soksi na shuka ya pili ya kulalia.

Kwa wafadhili wetu tunasema asanteni. Picha ya mzee amejifunika blanketi jipya ni nzuri kwenye ripoti, na picha ya viroba vilivyojazwa maganda ya mahindi si ya kuvutia. Tunaomba mtuamini tukileta ile ya pili.

Mtoto wa nyumba ile ya Makorora alibebwa kifuani kwa zamu, na bibi ndiye aliyeshika zamu ya alfajiri, saa ambazo baridi huwa kali. Tulipopita tena mwisho wa arobaini, jiko lilikuwa uani likichemsha maji, na dirisha lilikuwa na ubao wenye bawaba uliopigwa na fundi wa jirani. Bibi alitufungulia mlango, na safari hii hakutuambia tuufunge.